KUVU YA MAHINDI SI YA UKAMBANI PEKE YAKE

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mhariri aliniomba niandike makala ya somo, akaniambia nichague jambo la kisayansi ambalo mtu anaweza kulisoma bila kusinzia. Nimechagua kuvu. Najua wengine wenu mmekwisha anza kucheka, kwa sababu kuvu ni kitu tunachokifuta kwenye viatu wakati wa mvua kisha tukaendelea na safari. Lakini kuna kuvu iliyowaua Wakenya 125 kati ya Januari na Julai mwaka wa 2004, na haikupitia kwa viatu. Ilipitia kwa chakula ambacho karibu sisi sote tulikula jana jioni, yaani ugali. Basi vumilieni nieleze.

Tuanze na maneno, maana hiki ni Chama cha Kiswahili wala si cha Biolojia. Lugha yetu ina maneno mengi ya ukoo huu. Kuna kuvu yenyewe. Kuna koga, ule utando unaoota penye majimaji. Kuna uyoga, ambao tunaula na kuusifu tukisahau kwamba nao ni ndugu wa kuvu. Kuna hamira, ambayo ni kuvu ndogo sana isiyoonekana kwa macho, na bila hiyo hakuna mkate. Halafu kuna ukungu. Ukungu ni ile hewa nyeupe inayofunika barabara ya kwenda Iten asubuhi, na ukungu pia ni ule unga wa kijivu unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Nilimwuliza mwalimu wetu kama hayo ni maneno mawili au ni moja, akanijibu, "Nenda ukafikirie." Nimefikiria, na naona kwamba mahali pasipo unyevu huwezi kuupata huu wala ule. Mwisho kuna neno sumukuvu, ambalo limeenea sana huko Tanzania. Ni neno zuri kwa sababu linajieleza lenyewe: sumu inayotengenezwa na kuvu. Nitalitumia.

Sasa kuvu ni nini? Si mmea, ingawa zamani ilihesabiwa pamoja na mimea. Haina ile rangi ya kijani ya majani, kwa hiyo haiwezi kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Inakula kilichopikwa na wengine. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, ikakiyeyusha chakula palepale kilipo, kisha ikafyonza. Mbegu zake huitwa spora, ni ndogo kama vumbi na ziko kila mahali: katika udongo, katika hewa ya darasa hili, kwenye magunia, hata katika mchanga wa pwani ambako watu huenda kupumzika. Huwezi kuzimaliza. Unachoweza ni kuzinyima zile hali zinazohitaji, yaani maji na joto.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kuvu zote ni adui. Penisilini, dawa iliyookoa mamilioni ya watu, ilitokana na kuvu ambayo Alexander Fleming aliiona katika maabara yake London mwaka wa 1928. Mandazi ya hamira tunayonunua saa nne ni kazi ya kuvu. Hata mursik, maziwa yetu yanayolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, huwa na hamira za asili zikifanya kazi pamoja na bakteria. Kwa hiyo tuchague maneno yetu. Tunayoizungumzia hapa ni kuvu inayoota juu ya nafaka na kuacha sumu nyuma yake.

Habari za sumu hii zilianza kufahamika mwaka wa 1960 nchini Uingereza. Bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika mashamba mbalimbali, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Hatimaye wataalamu waligundua kwamba ndege wale walikuwa wamelishwa chakula kilichochanganywa na karanga zilizotoka Brazil, na karanga hizo zilikuwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kutokana na jina hilo la kuvu wakaunda jina la sumu yake, aflatoksini. Nawaomba mshike jambo moja hapo: waliokufa walikuwa ni ndege, na waliotangulia kuonyesha hatari walikuwa ni wanyama. Tutalikuta tena.

Kenya haikuchelewa kuingia katika hadithi hii. Mwaka wa 1973, watafiti wawili, Peers na Linsell, walichapisha uchunguzi walioufanya Murang'a. Walikusanya chakula kilichopakuliwa tayari kwa kuliwa katika nyumba za watu walioishi nyanda za juu, za kati na za chini, wakapima aflatoksini, kisha wakalinganisha na idadi ya watu waliopata saratani ya ini. Waligundua kwamba kadiri unavyoteremka kwenda kwenye joto ndivyo sumu inavyozidi katika chakula, na ndivyo saratani ya ini inavyozidi. Uchunguzi huo wa Murang'a bado unatajwa na wanasayansi duniani. Mimi nilishangaa kwamba sijawahi kuusikia, na Murang'a iko hapa hapa nchini.

Mwaka wa 1981, katika sehemu za Makueni ambazo wakati huo zilikuwa wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na ugonjwa wa ini na 12 kati yao wakafa. Kabla ya watu kuugua, njiwa walikuwa wamekufa kwa wingi, na baadaye mbwa. Mnaona? Wanyama tena.

Halafu ikaja 2004. Mvua zilikuwa mbaya, chakula kilikuwa haba, na watu wa Makueni na Kitui walivuna na kuweka mahindi ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, yaani karibu wanne kati ya kila kumi. Macho yalibadilika yakawa ya manjano, matumbo yakafura, wakatapika. Wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni katika wilaya zilizoathirika, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Kiwango cha wakati huo kilikuwa sehemu 20 katika bilioni. Mahindi mengine ya nyumbani yalikutwa na sehemu 4,400, yaani mara 220.

Sehemu katika bilioni ni maneno ambayo mtu huyasoma akapita tu. Mimi nilichukua kalamu. Punje moja ya mahindi ina uzito wa theluthi moja ya gramu hivi. Gunia la kilo 90 basi lina punje kama 270,000. Ukitaka punje bilioni moja unahitaji magunia kama 3,700, malori kadhaa yaliyojaa. Siku hizi Kenya inaruhusu aflatoksini sehemu 10 tu katika bilioni, na ile aina kali zaidi iitwayo B1 ni sehemu 5. Kwa hiyo sheria inaposema 10 ni sawa na kusema: katika magunia 3,700 yote, sumu tupu isizidi uzito wa punje 10. Na yale mahindi ya 2004 yalikuwa na uzito wa punje moja na kidogo katika kila gunia. Punje moja kwa gunia zima, na watu wakafa. Tangu nifanye hesabu hiyo siwezi kumsikia mtu akisema "ni kuvu kidogo tu" nikanyamaza.

Sasa nifike kwetu. Ukizungumza na watu hapa Eldoret, wengi watakuambia aflatoksini ni ugonjwa wa Ukambani. Huku kwetu ni baridi, mahindi yetu ni safi, sisi ndio ghala la taifa. Nimeyasikia haya sokoni, nimeyasikia kwenye matatu, na nimeyasikia hata kwa watu wenye elimu. Sitasema ni uongo mtupu. Tuko juu ya bahari kwa mita 2,100 hivi, na Aspergillus flavus hupenda joto, hasa nyuzi 25 hadi 35 ndipo inapotengeneza sumu vizuri. Uchunguzi wa Murang'a unawaunga mkono watu wa maoni haya. Lakini hoja yao ina matundu, na ndiyo sababu nimeandika makala hii.

Tundu la kwanza ni kwamba mahindi husafiri. Ya kwetu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ifikapo Juni na Julai ghala nyingi zimebaki vumbi, na gorogoro tunayonunua hatujui imetoka wapi. Inaweza kuwa imetoka Uganda, Tanzania, au kaunti nyingine yoyote. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, na unga ule ulikuwa ukiuzwa nchi nzima. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Paketi ya unga haiulizi mnunuzi anaishi juu ya mlima au bondeni.

Tundu la pili ni la fizikia na biolojia pamoja. Punje mbichi bado ni kitu hai, inapumua, na kinachopumua hutoa joto. Ukirundika mahindi yenye unyevu ndani ya chumba kilichofungwa, rundo hilo hujipasha moto lenyewe. Tia mkono wako katikati ya gunia la mahindi mabichi lililokaa wiki moja, utaona. Kule ndani si Eldoret tena, ni Makueni. Watafiti waliochunguza mahindi yaliyoletwa kwenye vinu vya kusaga hapa magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka wa 2015, walikuta baadhi ya sampuli zimepita kiwango cha aflatoksini.

Tundu la tatu ndilo kubwa, na halisemwi sana. Kuna kuvu nyingine ambayo haijali baridi yetu. Jina lake la kitaalamu ni Fusarium, nayo ina ndugu wengi. Hii huanza kuota mahindi yakiwa bado shambani, ndani ya maganda, hasa mvua ikinyesha wakati wa kuvuna au wadudu wakitoboa gunzi. Mkulima yeyote wa Uasin Gishu anaijua kwa macho hata kama hajui jina: ukimenya hindi unakuta punje zimekuwa za waridi au zimefunikwa na nyuzi nyeupe kama pamba. Sisi tunasema tu "yameoza" au "yamechomwa na mvua". Sumu ya baadhi ya kuvu hizo huitwa fumonisini. Iligunduliwa Afrika Kusini mwaka wa 1988 na watafiti waliokuwa wakichunguza mahindi ya Transkei, kwa sababu watu wa huko waliugua sana saratani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula. Farasi waliokula mahindi ya namna hiyo walipata ugonjwa wa ubongo wakafa. Wanyama, kwa mara nyingine.

Hapo naomba tuende polepole. Saratani ya umio ni nyingi pia katika sehemu zetu za Bonde la Ufa na magharibi, na wagonjwa wengi hutibiwa hapa kwetu katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ni rahisi mtu kuruka na kusema fumonisini ndiyo inayowaua. Wanasayansi hawajasema hivyo. Shirika la kimataifa linaloshughulikia utafiti wa saratani limeweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Fumonisini ya B1 iko kundi la chini, la vitu vinavyoshukiwa. Katikati ya hizo mbili wameweka, mwaka wa 2016, vinywaji vya moto sana vinavyopita nyuzi 65. Chai yetu, jamani! Kwa hiyo mwenye kuhofia umio wake aanze na kikombe kabla hajafika kwa kuvu. Lakini kitu kinachoshukiwa na kinacholiwa kila siku, asubuhi katika uji na jioni katika ugali, kinastahili kuangaliwa.

Aflatoksini nayo hufanyaje kazi mwilini? Ini ndilo linalosafisha damu. Linapokutana na B1 linajaribu kuibadilisha ili itolewe nje, na katika kuibadilisha linaifanya kuwa kali zaidi. Kile kitu kipya hushikamana na chembechembe za urithi ndani ya seli za ini na kuziharibu. Ukila nyingi kwa mara moja, ini hufa kwa siku chache kama ilivyokuwa 2004. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, uharibifu unajilimbikiza mpaka saratani. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari maradufu kwa sababu ini lake linapigwa pande mbili. Hii ya kidogo kidogo ndiyo inayonitisha, maana haiingii katika habari za saa moja.

Bila shaka mtu atauliza, si tunapika? Moto hauiui? Moto unaua kuvu, ndiyo. Sumu hauigusi. Aflatoksini haivunjiki mpaka joto lipite nyuzi 230 hivi, na ugali unapikwa kwa maji yanayochemka. Na ninyi mliosoma fizikia mnajua kwamba kwa urefu huu wetu maji hayafiki hata 100, yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kwa hiyo upike ugali saa moja, upike githeri tangu asubuhi hadi jioni, sumu inabaki palepale. Kusaga nako hakusaidii, kunaificha tu, maana punje mbovu moja husambazwa katika unga wote na huwezi tena kuichagua. Kinachosaidia kidogo ni kukoboa. Wakamba hukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, kukoboa hupunguza. Kupunguza si kumaliza, lakini ni nyongeza ya busara ambayo sisi wenye kujigamba kwa mahindi hatuna.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Mahindi yaliyooza yanakwenda wapi? Katika kila uvunaji huwa tunachambua, mazuri huku, mabovu huku. Sijawahi kuona nyumba inayoyatupa yale mabovu. Kogo wetu nyumbani huyaita "ya kuku". Mengine ni ya ng'ombe, na mengine hununuliwa kwa bei ya chini na watu wa kupika busaa. Kuku wanakufa mmoja mmoja na tunasema ni kideri. Ng'ombe hafi, lakini mwili wake hubadilisha aflatoksini ya B1 kuwa aina nyingine iitwayo M1, ambayo hutoka kwa maziwa. Uchunguzi wa vyakula vya mifugo na maziwa katika miji ya Kenya, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulikuta aflatoksini katika sehemu kubwa ya vyote viwili. Yaani yale mahindi tuliyokataa kuyala jikoni yanarudi mezani ndani ya chai. Na busaa hainywewi kama maji yaliyochujwa, inanyweka na nafaka yake. Sumu iliyoingia kwenye pipa hutoka kwenye kata.

Simlaumu kogo. Miaka ya njaa ilimfundisha kwamba chakula hakitupwi, na alifundishwa na mwalimu mkali kuliko yeyote tuliye naye hapa. Lakini huyo mwalimu hakujua habari za M1.

Watu wengine husema dawa ni rahisi: wakulima wakaushe mahindi. Kauli hii hutolewa sana mikutanoni. Nafaka inayopokelewa na Halmashauri ya Nafaka na Mazao inatakiwa isizidi unyevu wa asilimia 13.5, na chini ya hapo kuvu hupata taabu kuota. Ni sawa. Ila hebu tufanye hesabu nyingine. Mahindi yanapotoka shambani Novemba yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Chukua gunia la kilo 90 lenye asilimia 20: ndani yake mna kilo 18 za maji na kilo 72 za mahindi yenyewe. Ukilikausha mpaka 13.5, zile kilo 72 ziko palepale lakini gunia zima sasa lina kilo 83. Mkulima amepoteza kilo 7 za uzito. Akikutana na mfanyabiashara kando ya barabara mwenye mizani na asiye na kipimo cha unyevu, bei ni ileile kwa kilo. Basi yule aliyekausha ameadhibiwa, na yule aliyeuza maji amelipwa. Ongeza juu yake karo ya Januari inayosubiri na mvua ya Novemba isiyosubiri. Mimi naona hapa ndipo tatizo lilipo, wala si katika ujinga wa wakulima kama inavyodaiwa. Mpaka mnunuzi awe na sababu ya kulipa zaidi kwa mahindi makavu, mahindi mabichi yataendelea kuuzwa. Serikali ilileta mashine za kukaushia zinazohamishika mwaka wa 2023 ili ziwafikie wakulima katika kaunti, na hilo lilikuwa jambo jema, ingawa shamba lililo mbali na lami bado lina turubai na jua tu.

Kuna jambo la kupendeza linalofanywa kwa upande wa shamba. Si kila Aspergillus flavus hutengeneza sumu. Zipo zilizozaliwa bila uwezo huo. Wanasayansi walizitafuta hapa hapa Kenya, wakazikuza juu ya punje za mtama zilizouawa zisiote, na mkulima huzinyunyiza shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu hizi zisizo na sumu huenea na kuzinyang'anya nafasi zile zenye sumu. Bidhaa hiyo huitwa Aflasafe KE01, iliandikishwa Kenya mwaka wa 2015, na hutengenezwa na shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huko Katumani. Ni kuvu dhidi ya kuvu. Ila haizuii Fusarium, na kwa hiyo kwetu sisi ingekuwa nusu ya dawa.

Kwa sisi wanafunzi ambao hatuna mashine wala kipimo, kuna chupa na chumvi. Jaribio hili mtu yeyote anaweza kulifanya, nami nimelifanya na mahindi ya nyumbani. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, iwe kavu kabisa ndani. Tia mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa, kisha vijiko viwili vya chumvi kavu. Kama chumvi yako imeshikana, ianike au ikaange kwanza. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja au mbili, halafu iache itulie robo saa. Chumvi hunyonya unyevu. Ikiwa imegandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Ikiwa chumvi imeanguka chini yote bila kushika, yako chini ya 15. Hiyo 15 bado si 13.5, kwa hiyo hata yakifaulu mtihani wa chumvi yaongezee siku mbili za jua kali. Na jua lenyewe liwe juu ya turubai, si juu ya udongo, maana nimekwisha sema spora zinaishi wapi.

Baada ya kukauka, chagua. Sumu haigawanyiki sawasawa katika gunia. Mara nyingi punje chache mbovu hubeba karibu yote. Ondoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi na zile nyepesi zinazoelea. Kweli, punje inayoonekana safi inaweza kuwa na sumu pia, kwa sababu sumu haina rangi wala harufu, lakini ukitoa zile mbovu umetoa sehemu kubwa. Weka magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Anayeweza anunue ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo huwanyima wadudu pumzi. Ila angalizo: ukitia mahindi yenye unyevu ndani ya mfuko ule, umeyafungia pamoja na maji yao.

Na zile punje mbovu ulizochagua? Wataalamu wanasema zichomwe au zifukiwe. Nililitamka hilo nyumbani wakati wa kuchambua mahindi ya msimu uliopita. Kogo alinitazama kwa muda, akauliza kama shuleni wanatufundisha pia kununua chakula cha kuku. Tukazipima kwanza kwa debe: zilikuwa debe moja na nusu kutoka magunia 11. Debe zima lilifukiwa nyuma ya zizi. Ile nusu alibaki nayo, na kuku wake bado wanakula kutoka humo.